Msamaha wa Jumla na wa Rejareja

Bu Kustiyah, yaani Mama Kustiyah, aliingia sebuleni kwa Bu Wening siku ya Idi, saa tatu asubuhi, kama alivyoingia kila Idi kwa miaka ishirini na tisa, akiwa na kopo la biskuti kwapani na mtandio mpya kichwani. Akampa mkono, akainamisha kichwa na kusema yale ambayo Indonesia nzima ilikuwa inayasema asubuhi hiyo, wakwe kwa wakaza wana, mabosi kwa madereva wao:

"Niwie radhi, Bu, dhahiri na batini."

Jibu lake hata mtoto wa chekechea analijua. Unasema, na mimi pia niwie radhi, kisha unamkaribisha mgeni ale kuku wa tui. Bu Wening hakulitoa jibu hilo. Aliushika ule mkono, akaung'ang'ania, akauliza:

"Kwa lipi?"

Shangazi wa marehemu mumewe, aliyekuwa akitafuna, aliacha kutafuna. Bu Kustiyah aliuchomoa mkono wake polepole. Halafu akalichukua kopo lake la biskuti, ambalo tayari alikwisha kuliweka mezani, akatoka nalo.

Bu Wening hakuwa mtu wa kukosa adabu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu kimoja hapo Solo, na kazi yake kubwa ilikuwa maadili, hasa maadili ya kusamehe. Kwa miaka ishirini alikuwa akiandika na kusema, kwenye mikutano, kwenye madarasa ya akina mama na kwenye kipindi chake cha redio kila Alhamisi, kwamba wanawake wanafundishwa kusamehe kabla hawajaombwa, kana kwamba msamaha ni chai ya mgeni ambayo lazima iwepo jikoni muda wote. Msamaha, alisema, ni mali ya aliyekosewa. Anaweza kuutoa, anaweza kukaa nao, na hakuna wa kumharakisha, awe mume, awe shehe, awe mama mzazi.

Ila siku ile ya Idi hakuwa anafundisha. Siku ile alikuwa ameumia.

Miezi mitatu kabla, mumewe, Pak Suroto, mwalimu mstaafu wa jiografia, alianguka jikoni kwao na hakuamka tena. Bu Wening alikuwa Semarang, amesimama mbele ya kipaza sauti, akiwahutubia watu mia mbili kuhusu majonzi. Alipofika nyumbani mumewe alikwisha kuoshwa. Na usiku wa kwanza wa hitma, akiwa amejilaza chumbani nyuma ya pazia, alimsikia Bu Kustiyah, jirani na rafiki yake tangu walipokuwa mabibi harusi, akiwaambia akina mama huku akimimina chai: "Mume anafia jikoni peke yake, mke yuko kwenye kipaza sauti."

Maneno hayo yalimkaa Bu Wening rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Tangu hapo wakanuniana. Na kununiana kwao kulikuwa kazi ngumu, maana nyumba zao ziligawana ukuta mmoja. Kila mmoja alimsikia mwenzake akitwanga viungo na akipiga chafya, na kila mmoja akajifanya kiziwi.

Alhamisi iliyofuata ile Idi, Bu Wening alikwenda redioni akasimulia kisa cha jirani mmoja. Hakumtaja jina. Alisema, jirani mmoja alikuja kuniomba radhi ya jumla, kama mtu anayenunua sabuni kwa katoni: dhahiri yote, batini yote, funga, weka begani, nenda. Lakini makosa hatuyafanyi kwa jumla, alisema. Tunayafanya rejareja, moja moja, kwa mtu fulani, siku fulani. Basi na radhi iombwe rejareja. Mtu akija kwako na katoni, muulize: kwa lipi?

Hakutegemea yaliyofuata. Simu za redioni ziliita mpaka usiku. Wiki haijaisha, swali lile limeshaingia sokoni, ofisini na kwenye vikundi vya simu. Mwanamke mmoja wa Sragen aliandika kwamba mumewe alikuwa akimpigia magoti kila Idi kwa miaka kumi na tisa. Baada ya kipindi alimuuliza, kwa lipi, na mume akafikiri mpaka magharibi kisha akasema hajui, basi akala wali wa baridi. Mwingine wa Boyolali alilalamika. Mumewe alikuwa mtu wa kutii, akaandika kurasa mbili, na nusu ya mambo yaliyokuwemo mke hakuwa akiyajua kabisa. Sasa, aliuliza, mimi nifanye nini na hizi kurasa?

Bu Wening alizisoma barua zote hewani, akacheka, akafafanua. Na karibu kila Alhamisi, jirani mmoja alirudi kidogo. Jirani mmoja ambaye huchuja kahawa yake kwa kelele. Jirani mmoja anayeona haya kuliko anavyoona huruma. Wasikilizaji walimpenda huyo jirani mmoja, wakawa wanamuulizia asipotajwa.

Ramadhani iliyofuata ilipofika katikati, mwenyekiti wa mtaa alibisha hodi. Huyu ni Pak Tugiman, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na tatu na ambaye mpaka leo huangalia saa kabla ya kukohoa. Alikataa kiti. Alieleza kwamba mtaa una kaya arobaini na moja, na siku ya nane baada ya Idi wote hukutana kwenye uwanja wa badminton, hupanga mstari, na kila mtu hupeana mkono na kila mtu na kuombana radhi. Kwa desturi kazi hiyo huchukua dakika hamsini. Sasa yeye amepiga hesabu. Kama kila mtu atamuuliza kila mtu kwa lipi, na kila mmoja akajibu kwa ufupi tu, mstari utakwisha siku ya kumi na tisa.

"Nakuomba, Bu," alisema, "hilo swali lipumzishe kidogo. Au nichapishe fomu, mtu aweke alama ya vema kwenye kosa linalohusika."

Bu Wening alimwangalia aone kama anatania. Hakuwa anatania, fomu alikuwa nayo mfukoni, na kosa namba nne lilikuwa "kuegesha pikipiki vibaya." Walijadiliana karibu saa nzima, wote wawili wamefunga, midomo mikavu. Mwisho wakakubaliana kwamba mwenye jumla aombe jumla na mwenye rejareja aombe rejareja, kila mmoja na dhamiri yake, na Pak Tugiman akajiwekea haki ya kupuliza filimbi pale foleni itakapokwama.

Binti yake Bu Wening, Ratri, mfamasia wa Surabaya, alirudi nyumbani kwa sikukuu akakuta habari hiyo. Walikuwa wanamenya vitunguu pamoja alipomuuliza mama yake kama angemsamehe Bu Kustiyah akiomba vizuri. Mama akasema anasubiri kosa litajwe. Jibu ameshaliandaa, lina sehemu tatu.

"Mama," Ratri alisema, "mji mzima umeuambia ulivyokosewa na Bu Kustiyah. Aliyebaki kuambiwa ni Bu Kustiyah."

Bu Wening akasema vitunguu vya mwaka huu vikali, akainuka kunawa uso.

Siku ya nane ikafika. Turubai lilifungwa juu ya uwanja wa badminton, wali uliopikwa ndani ya vifuko vya kusukwa vya majani ya mnazi ukawekwa kwenye meza ndefu, na mstari ukaanza kutembea. Mwanzoni watu waliona haya, wakapita kwa jumla, haraka haraka. Halafu Pak Wahono, fundi wa redio, alipofika kwa Pak Jumadi alisimama. Akasema, yule ndege wako wa kuimba, yule wa mwaka juzi, hakuruka. Paka wangu alimla. Manyoya yake niliyazika nyuma ya karakana, nikakwambia nimemwona akielekea kaskazini.

Ilijulikana na wote kwamba kila asubuhi Pak Jumadi alikuwa bado anafungua mlango wa kizimba na kuweka mbegu. Aliuliza ni paka yupi, yule wa manjano au yule mwenye mkia mfupi. Akaambiwa wa manjano. Akasema huyo paka ameshampa mifupa ya samaki mara nyingi kwa mikono yake mwenyewe. Halafu akampa Pak Wahono mkono, kwa uzito, kama mtu anayesaini karatasi asiyopenda.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Mke mmoja mdogo alimwambia mama mkwe wake kwamba supu anayoisifia mtaa mzima huitia viungo vya pakiti tangu alipoolewa. Mama mkwe akamwambia anajua, na kwamba pakiti yenyewe ni ileile anayotumia yeye, ila asinunue ya duka la kona, hiyo imepoa. Pak Tugiman alipuliza filimbi mara tisa. Mara ya kumi alishindwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akimweleza mzee mwenzake kuhusu pointi moja ya badminton ya miaka kumi na miwili iliyopita, ambayo kwa kweli ilikuwa nje.

Ndipo Bu Kustiyah akafika mbele ya Bu Wening.

Hakuinamisha kichwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya moto, maana kila alfajiri hukaanga vibibi, vile vimkate vya unga wa mchele na tui, mbele ya nyumba yake na kuviuza. Waliokuwa mbele na nyuma yao waliacha kuombana radhi ili wasikie.

"Unataka rejareja," alisema. "Haya. Suroto alianguka jikoni kwangu mara mbili kabla ya ile ya mwisho. Mara ya kwanza akiwa na kibibi mdomoni, mara ya pili akiwa amekaa tu. Nikampepea, akaamka, akaniapisha nisikwambie. Nikaapa. Nilikaa na jambo hilo miezi minne. Hilo ndilo naliombea radhi."

Jibu la Bu Wening, lile la sehemu tatu, lilikuwa la kosa lingine. Alilitafuta hata hivyo, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko anaojua ni mtupu.

"Na maneno ya msibani?"

"Maneno gani?"

"Mume anafia jikoni peke yake, mke yuko kwenye kipaza sauti. Ulikuwa umeshika birika."

Bu Kustiyah alikunja uso, akafikiri. Ilionekana wazi kwamba hakumbuki, na kwamba anaamini aliyasema.

"Kama nilisema hivyo, sikuwa nakusema wewe," alijibu. "Wewe ulikuwa Semarang, ulikuwa hujui kitu. Aliyekuwa anajua ni mimi, niko nyuma ya ukuta, nageuza vibibi. Nilikuwa natafuta wa kumbebesha, Wening. Wewe ulikuwa karibu."

Hapo Bu Wening aligundua jambo ambalo katika vitabu vyake vyote hakuwahi kuliandika: kwamba kosa likitajwa linaweza kuwa kubwa kuliko lile ulilokuwa umelifuga. Mwaka mzima alikuwa ameshikilia kijiko, sasa amekabidhiwa sufuria. Watu walikuwa wanamtazama. Wengine walitaka alie, amkumbatie mwenzake, mambo yaishe, wali upo mezani. Alijua sana shauku hiyo. Amekula mshahara wake kwa kuieleza.

"Bado," alisema. "Nimekusikia. Lakini kusema nimekusamehe, bado."

"Sijakuuliza lini," Bu Kustiyah alisema. "Mimi nimetua langu. Sasa na wewe."

Kinywa cha Bu Wening, ambacho hakikuwahi kumwangusha mbele ya hadhara, kikafunguka chenyewe na kutoa: "Niwie radhi, Bu, dhahiri na..."

Hakumaliza. Uwanja mzima wa badminton, wazee, mabinti, mama mkwe wa pakiti na Pak Jumadi aliyefiwa na ndege, ulimuuliza kwa sauti moja: "Kwa lipi?"

Vicheko vilivuma chini ya turubai mpaka watoto wakakimbia kuja kuona. Bu Wening naye alicheka, uso umemwiva, lakini swali lilikuwa bado limesimama pale pale. Alifikiria ule mkono alioung'ang'ania Idi iliyopita. Akasema, nilikuaibisha mbele ya wageni.

Bu Kustiyah akatikisa kichwa. Hilo, alisema, lilikuwa dogo, lilikwisha siku ileile. Ila muuza mboga humwita Jirani Mmoja. Mjukuu wake aliulizwa shuleni kama bibi yake ndiye yule wa redioni. Wateja huja kununua vibibi viwili kisha wanachungulia ndani waone anavyochuja kahawa.

"Kila Alhamisi saa kumi nazima redio yangu," alisema, "na bado nakusikia ukutani. Mwenzangu unarekodi asubuhi, jioni unakaa unajisikiliza kwa sauti ya juu."

Hakuna aliyecheka safari hii, isipokuwa Ratri, kidogo, puani. Bu Wening alisimama akiwa ametazama mistari myeupe ya uwanja. Alikuwa amewatetea wanawake wa mji mzima wasisukumwe kusamehe, na kwa kazi hiyo njema akamchukua mwanamke mmoja, wa jirani kabisa, akamfanya mfano. Wala hakuwahi kujiuliza huo mfano unalala wapi.

"Nilikuweka redioni bila ruhusa yako," alisema taratibu. "Mwaka mzima. Watu wakakucheka wewe, mimi nikapigiwa makofi. Na nilijua watakutambua. Nilitaka wakutambue. Kwa hilo niwie radhi."

Bu Kustiyah alimwangalia kwa utulivu wa mtu anayeangalia kikaango kama kimepata moto.

"Bado," alisema.

Haijulikani nani alianza. Wengine wanasema ni Bu Wening, wengine wanasema ni Bu Kustiyah mwenyewe aliyeshindwa kulizuia tabasamu lake. Lakini wote wawili walicheka hadi wakashikana mabega ili wasianguke. Foleni nzima ikawasubiri. Pak Tugiman alikuwa na filimbi mdomoni, akasahau kuipuliza.

Jioni ile Bu Wening alikwenda upande wa pili wa ukuta kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Hakuja kusamehe, alisema, alikuja kuuliza. Alitaka kujua mumewe alikuwa anakula nini.

Bu Kustiyah alimwambia yote. Vibibi vinne, vyenye fenesi, na kahawa ya sukari vijiko vitatu, na yote hayo na kisukari chake. Na tempe, ile soya ya kuchachushwa, lakini ya kukaanga, kwa sababu ile ya kuchemsha aliyokuwa akipewa nyumbani ilifanana, kwa maneno yake, na sabuni ya kufulia iliyokata tamaa. Bu Wening alicheka kwa hilo mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kicheko. Bu Kustiyah akamsogezea kitambaa cha kupangusia sufuria, kisha akaona ni kichafu, akampa kingine.

Alipotulia aliuliza kwa nini Suroto alificha.

"Alisema ukijua utaacha redio na safari zako, ukae ndani umhesabie vidonge. Alisema hataki kuwa mume aliyekufunga kamba."

"Kwa hiyo aliniamulia," Bu Wening alisema. "Miaka ishirini nawaambia wanawake wasikubali kuamuliwa, na wangu akaniamulia ili nibaki huru. Na wewe ukamsaidia."

"Na mimi nikamsaidia."

"Mngeniuliza."

"Ungeacha?"

Bu Wening alifungua mdomo ajibu, akakuta hajui. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote: kwamba sasa hatajua kamwe, kwa sababu watu wawili wanaompenda walimnyang'anya swali kabla hajalijibu. Alimwambia Bu Kustiyah hivyo hivyo, kwa hasira, na Bu Kustiyah akasikiliza bila kujitetea, akageuza kibibi, kikaungua upande mmoja.

Alhamisi iliyofuata Bu Wening alimwomba mwenzake ruhusa ya kuyasimulia hayo redioni. Akanyimwa. Basi akasimulia habari ya paka na ndege, kwa idhini ya Pak Wahono na Pak Jumadi. Pak Jumadi alitoa sharti kwamba jina la ndege litajwe kikamilifu na isemwe alikuwa na sauti ya kwanza katika wilaya. Wasikilizaji walipiga simu kumuulizia jirani mmoja. Bu Wening aliwajibu kwamba huyo hayupo tena kwenye kipindi, kwamba hakupaswa kuwepo, na kwamba mwenye makosa ni mtangazaji. Mkuu wa kituo hakufurahi.

Kusamehe kwenyewe kulimjia bila taarifa, katikati ya mwezi wa Mfunguo Tatu. Alikuwa anaanika nguo akamsikia Bu Kustiyah nje akimgombeza muuza gesi kwa kuleta mtungi wenye kutu. Aliusikiliza ugomvi wote kwa raha, na ulipokwisha alijikuta anatafuta ndani yake lile donge la hasira asilione. Alimwita kwenye ukuta akamwambia. Bu Kustiyah akasema amefurahi, ila yeye kwa upande wake bado, na Bu Wening asimharakishe, mambo haya si ya kuharakishwa, amesikia redioni. Aliendelea na bado yake mpaka mwezi wa Mfunguo Tano, na Ratri anaamini mwisho mwisho ilikuwa kwa starehe tu.

Aliyebaki ni Suroto. Kila Ijumaa Bu Wening humpelekea maua kaburini, huketi, humsomea Yasini, kisha hubishana naye. Kuna siku anasimama akiwa amemsamehe, na akifika getini keshaghairi. Ameyaandika hayo katika kitabu kipya, sura nzima, na safari hii aliyeandikwa ni yeye mwenyewe.

Ijumaa moja Bu Kustiyah aliomba kufuatana naye. Kufika kaburini alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini. Bu Wening alipomaliza kusoma, mwenzake akasogea, akavua viatu, akamwambia Suroto kwa sauti ya sokoni kwamba alikuwa mtu mzuri na mlafi, na kwamba kumwapisha mwanamke mwenye kikaango motoni ni uonevu, maana mwanamke wa namna hiyo ataapa chochote ili kibibi kisiungue. Aliongea muda mrefu. Familia mbili zilizokuwa kwenye makaburi ya jirani ziliacha dua zao zikageuka kutazama. Bu Wening alimvuta mkono mara mbili, mara ya tatu akamwacha, akaketi pembeni ya maua na kusubiri amalize.